Ukurasa wa bei ya programu yako: mteja ajue analipa ngapi na analipaje

Hatua ya 1. Amua unachaji kwa nini. Tuseme unauza programu ya stoki na mauzo kwa maduka ya hapa Nairobi, ya kulipia kila mwezi. Mwenye duka pale Kamukunji anajua ana maduka mawili, hiyo haimsumbui, lakini ukimchaji kwa kila yuza atafanya wafanyakazi wote watumie paswadi moja na sasa hawezi tena kujua nani aliuza nini, na hiyo ndo ilimfanya atafute programu. Kwa hivo chaji kwa duka. Kama programu yako ni ya wenye ploti za kupangisha, wachaji kwa idadi ya nyumba. Shule wapee bei ya muhula juu pesa yao huingia karo ikilipwa.

Hatua ya 2. Pakeji ziwe mbili au tatu, basi. Ziite "Duka moja" na "Maduka 2 hadi 5", mtu ajione hapo mara moja, majina kama Silva na Goldi hayamwambii kitu. Na tafadhali usifanye kutoa data yake kuwe kwa wenye pakeji ya juu peke yao, ile ni data yake.

Hatua ya 3. Andika bei yote, kwa shilingi. Kama umesajiliwa VAT na bei yako ni 1,500, ongeza 16% ambayo ni 240, alafu uandike hivi:

Duka moja
Sh 1,740 kwa mwezi, VAT iko ndani
Kwa mwaka: Sh 17,400 (unalipia miezi 10, unatumia 12)
M-Pesa au kadi, na risiti ya eTIMS
Batani: Jaribu siku 14 bure

Hiyo laini ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) usiitoe. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara bila hiyo risiti hawezi kuweka hayo matumizi kwa hesabu zake za KRA, na mhasibu wake atamuuliza tu.

Hatua ya 4. Eleza malipo, na hapa usiharakishe. Kadi ikishawekwa inakatwa yenyewe kila mwezi, lakini ukitumia STK push ya M-Pesa (lile ombi la malipo linalotokea kwa simu ya mteja) lazima mtu aweke PIN kila mara, so ukurasa unaosema tu "inajirenyu" unamdanganya mteja wa M-Pesa, anaamka siku moja akaunti imefungwa na kuna kastoma kwa kaunta. Mwambie wazi: tarehe 5 tutakutumia ombi la malipo kwa simu, ukichelewa una siku 7 kabla tufunge, na data yako haifutwi. Hizo siku ni wewe unazichagua lakini ziandike kando ya bei, si kwa masharti ya huduma ambayo hakuna mtu husoma.

Hatua ya 5. Chini ya bei jibu kuhusu kuacha (anaachaje, data anaitoaje) na uweke namba ya simu inayoshikwa.

Hatua ya 6. Fungua huo ukurasa kwa simu ya bei ndogo ukitumia bando, jedwali pana huwa linakatika upande na bei inapotea. Alafu mpe simu mwenye duka, muulize: mwisho wa mwezi utalipa ngapi, utalipaje, na ukitaka kuacha utafanya nini? Usimsaidie. Pale anaposita ndo unarekebisha kwanza.