Somo: Kuoka keki ya wafalme ya New Orleans kwa ajili ya Mardi Gras

Keki ya wafalme ni mkate mtamu wa hamira, wenye siagi na mayai ya kutosha, unaoviringwa kuwa duara na kupambwa kwa sukari ya rangi tatu. Watu wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, huanza kuila tarehe 6 Januari, siku ambayo Wakristo wanawakumbuka Mamajusi waliokwenda kumwona mtoto Yesu, na huendelea nayo majumbani, maofisini na shuleni hadi Mardi Gras, yaani Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. Kwa kuwa Mardi Gras huangukia siku 47 kabla ya Pasaka, msimu huo hurefuka mwaka mmoja na kufupika mwingine: mwaka 2026 siku yenyewe ni tarehe 17 Februari, na mwaka 2027 ni tarehe 9 Februari. Kwaresima ikishaingia maduka mengi ya mikate huacha kuioka, na wapo wenyeji wengi wanaoona si adabu kabisa kuila keki hii nje ya msimu wake.

Asili yake ni Ufaransa na Uhispania, nchi mbili zilizotawala New Orleans kwa nyakati tofauti kabla ya jiji hilo kuwa la Marekani mwaka 1803. Hadi leo kusini mwa Ufaransa huokwa mkate wa duara wenye matunda yaliyokaushwa kwa sukari, na Wahispania wana roscón de Reyes, ambao ni ndugu yake wa karibu. Keki za zamani za New Orleans hazikuwa na kitu ndani. Kuzijaza jibini laini, mdalasini au matunda ni desturi iliyokuja baadaye, nayo imependwa mno. Mimi nafundisha ile ya kujaza, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi.

Naomba jambo moja lieleweke kabla hatujagusa unga. Wengi huvutiwa na rangi za juu, wakazitumia nguvu zao zote huko, ilhali keki hii husimama au huanguka kwa mambo matatu yasiyoonekana: donge laini, mchanganyiko wa ndani ulio mzito, na mshono uliobanwa vizuri. Ukiyapata hayo, hata sukari ya rangi ikikosekana utakuwa na mkate wa kujivunia.

Mahitaji

Kwa donge utahitaji gramu 500 za unga wa ngano, mililita 200 za maziwa, gramu 7 za hamira ya chenga, gramu 80 za sukari, mayai 2, gramu 100 za siagi iliyolainika, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, robo kijiko kidogo ya kungumanga iliyokunwa, na ganda la limau moja lililokunwa kwa uangalifu ili ile sehemu nyeupe chungu isiingie. Kungumanga na limau ndivyo vinavyoipa keki hii harufu yake, kwa hiyo nashauri visibadilishwe kwa iliki mara ya kwanza, ingawa najua mkono wa mpishi wa pwani utaielekea iliki wenyewe.

Kwa kujazia, tayarisha gramu 225 za jibini laini ya kupaka, gramu 60 za sukari ya unga, kiini cha yai moja, vanila kidogo na kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano. Kando yake changanya gramu 100 za sukari ya kahawia na kijiko kikubwa kimoja cha mdalasini. Ute wa lile yai uliotoa kiini usiutupe. Utautumia kupakia keki.

Kwa juu unahitaji gramu 250 za sukari ya unga, vijiko vikubwa vitatu vya maziwa, maji kidogo ya limau, sukari nyeupe ya kawaida, na rangi za chakula.

Kukanda

Pasha maziwa yawe ya vuguvugu tu. Ukitumbukiza kidole na kukiacha humo bila kuungua, yanafaa. Yakiwa ya moto zaidi yataiua hamira na kazi yote itakuwa bure. Changanya maziwa, hamira na kijiko kimoja cha sukari, uache kwa dakika kumi hadi povu litande juu. Povu lisipotokea, hamira imekufa, na hapo ni afadhali kununua nyingine kuliko kuendelea kwa matumaini.

Weka unga, sukari iliyobaki, chumvi, kungumanga na ganda la limau katika bakuli kubwa, kisha mimina maziwa na mayai yaliyopigwa kidogo. Kanda kwa dakika tano bila siagi. Baada ya hapo anza kuongeza siagi kipande kwa kipande, ukisubiri kila kipande kimezwe na unga kabla ya kuweka kingine. Katika hatua hii donge litaonekana limeharibika: litateleza, litagawanyika vipande vipande na kung'ang'ania mikono. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuongeza unga. Usiongeze. Endelea kukanda, ukilikunja na kulisukuma kwa kiganja, kwa dakika kumi hivi, nalo litaungana tena, litang'aa na kuachana na bakuli lenyewe. Kujua limefika, kata kipande kidogo, ukivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Likikubali kuwa jembamba hadi mwanga ukapenya bila kuchanika, limekandwa vya kutosha.

Lifunike na uliache liumuke hadi liwe maradufu. Katika nyumba yenye ubaridi huchukua saa moja na nusu au mbili. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari huenda likawa tayari kwa saa moja, kwa hiyo litazame donge, si saa. Ukiwa na jokofu na muda, nakuhimiza uliweke humo usiku kucha baada ya kuanza kuumuka, kwa maana ladha huongezeka na donge baridi husukumika kwa urahisi mkubwa.

Kujaza na kuunda duara

Piga jibini na sukari ya unga, kiini, vanila na unga hadi viwe laini, lakini usipige kwa muda mrefu, kwani jibini laini ikipigwa mno hulegea. Iweke kwenye ubaridi ikusubiri.

Nyunyiza unga kidogo mezani, kisha sukuma donge kwa mti wa kusukumia chapati liwe mstatili wa sentimita 60 kwa 25. Paka jibini tabaka jembamba, ukiacha ukingo wa sentimita mbili pande zote, na juu yake tandaza sukari ya mdalasini. Ukingo huo uache mkavu kabisa, kwa sababu penye mafuta au jibini hapashikani. Viringisha kuanzia upande mrefu, bila kukaza mno, kama mtu anayekunja mkeka. Ukifika mwisho, lowesha ukingo kwa maji kidogo, kisha finya mshono kwa vidole kutoka ncha moja hadi nyingine, na urudie mara ya pili.

Geuza mshono uwe chini, juu ya trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea. Unganisha ncha mbili kupata umbo la yai: fungua ncha moja kidogo, ingiza nyingine ndani yake kiasi cha sentimita tatu, kisha finya pande zote. Katikati weka bakuli dogo la kuvumilia moto lililopakwa siagi kwa nje, ili tundu lisizibe mkate unapopanuka. Funika, acha uumuke tena kwa dakika 45 hivi. Ukiubonyeza kwa kidole na alama ikarudi polepole, ni wakati wa kuoka. Alama ikibaki vilevile, umepitiliza, na kuna hatari mshono ukaachia.

Kuoka na kupamba

Paka juu ute wa yai uliochanganywa na maziwa kidogo. Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 28 hadi 32. Kuanzia dakika ya ishirini uangalie, na kama juu pameshaiva rangi, funika kwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mkate uliojazwa huchelewa kuiva ndani. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 88 katika sehemu ya mkate, si katika jibini.

Acha upoe kabisa. Sukari ya juu ikimwagwa kwenye mkate wenye moto huyeyuka yote na kutiririka kwenye trei. Wakati unasubiri, gawa sukari nyeupe katika mifuko mitatu, dondoshea rangi na kusugua mpaka ienee: zambarau, kijani na njano ya dhahabu. Rangi hizi zilichaguliwa na Rex, chama cha maandamano ya Mardi Gras kilichoanza mwaka 1872, na katika msafara wake wa mwaka 1892 zikapewa maana: zambarau ni haki, kijani ni imani, dhahabu ni mamlaka. Koroga sukari ya unga na maziwa na maji ya limau iwe nzito, imwage juu ya mkate, kisha nyunyiza rangi mara moja kwa mapande yanayopokezana, kabla haijakauka.

Kilichobaki ni kitoto, yaani kisanamu kidogo cha mtoto mchanga. Ndani ya kila keki hufichwa kitu kidogo, na atakayekipata katika kipande chake ndiye anayewajibika kuleta keki inayofuata au kuandaa karamu ijayo. Hivyo ndivyo msimu mzima unavyoendeshwa kutoka nyumba hadi nyumba. Chama cha Twelfth Night Revelers, kilichoanza mwaka 1870, kilitumia haragwe la dhahabu kumpata malkia wa dansi yao. Kitoto cha kauri, na baadaye cha plastiki, kilienezwa na duka la mikate la McKenzie's katikati ya karne ya 20. Cha plastiki kamwe kisiingie kwenye oveni: kisukumizie kutoka chini baada ya mkate kupoa.

Maswali na majibu

Swali: Sina oveni, natumia jiko la mkaa. Je, inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ila punguza vipimo kwa nusu na utumie chombo cha duara cha sentimita 24 hivi. Tandaza mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa nzito, uipashe moto vizuri, weka chombo juu ya vijiwe vitatu visivyogusa mkate, funika, kisha weka makaa mengi juu ya mfuniko na machache sana chini. Moto wa chini ukizidi, sukari ya mdalasini itaungua kabla ya mkate kuiva. Anza kuangalia baada ya dakika 30.

Swali: Jibini laini kwetu ni ghali na mara nyingi haipatikani. Nitumie nini badala yake?

Jibu: Chukua mtindi mzito usio na sukari, ufunge katika kitambaa safi, uutundike usiku kucha kwenye jokofu hadi maji yote yatoke. Pima gramu 225 za kilichobaki, ongeza vijiko viwili vya unga badala ya kimoja, na sukari kidogo zaidi kwa sababu ya uchachu. Ladha itakuwa tofauti kiasi, lakini mimi naipenda.

Swali: Niliwahi kuoka mkate wa aina hii, mchanganyiko wote ukatoka na kuungua kwenye trei. Tatizo ni nini?

Jibu: Kwa kawaida ni mojawapo kati ya haya: mchanganyiko ulikuwa mwepesi, ulipakwa hadi ukingoni, au mkate uliumuka kupita kiasi mara ya pili. Ule unga kidogo ndani ya jibini upo kwa ajili ya kushika maji, kwa hiyo usiuache. Ikiwa jikoni mwako kuna joto kali, iweke keki iliyokwisha kuundwa kwenye jokofu kwa dakika kumi na tano kabla ya kuioka.

Swali: Nina watoto wadogo. Nahofia kitoto cha plastiki kitawakaba.

Jibu: Hofu yako ni ya haki, na maduka mengi ya New Orleans siku hizi hukiweka kitoto kando ya keki, mnunuzi akaamua mwenyewe. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano nashauri usifiche kitu chochote kigumu, hata korosho nzima. Weka alama chini ya kipande kimoja kwa tone la rangi ya chakula, na atakayekipata awe ndiye mfalme.

Swali: Zambarau yangu hugeuka kahawia. Nifanyeje?

Jibu: Nyekundu yako ina unjano ndani yake. Tafuta ile inayoelekea waridi, anza nayo, kisha ongeza bluu tone kwa tone. Pia anika sukari kwenye sahani mpaka ikauke kabla ya kuinyunyiza, la sivyo rangi zitaingiliana.

Swali: Je, ni lazima iwe tamu kiasi hicho? Wazazi wangu hawapendi sukari nyingi.

Jibu: Si lazima. Dong Phuong, duka la familia yenye asili ya Vietnam lililoko mashariki mwa New Orleans, ambalo mwaka 2018 lilitunukiwa tuzo ya upishi ya Marekani iitwayo America's Classics, ya James Beard, limejipatia jina kwa keki ya wafalme yenye mkate mwororo na pambo la juu lisilo na utamu uliopindukia. Punguza sukari ya mdalasini kwa nusu, na juu pakaza jibini laini iliyochanganywa na sukari kidogo badala ya ile sukari ya unga. Donge lenyewe usilipunguzie sukari, kwa kuwa ndiyo inayosaidia kulifanya laini.

Swali: Naweza kuioka siku mbili kabla ya karamu?

Jibu: Ioke, ipoe, uifunge vizuri bila kuipamba, kisha uigandishe. Siku ya karamu itoe asubuhi, iache ilainike ikiwa bado imefungwa, ipashe kwa nyuzi 150 kwa dakika kumi, ipoe tena ndipo uipambe. Kwa kuwa ina jibini ndani, isilale mezani usiku kucha, hasa katika mikoa ya pwani.