Kabla hujatuma makala kwenye jarida

Mimi husoma miswada ya jarida moja hapa Dar es Salaam, na ugomvi mwingi unaonifikia ni wa majina. Kubalianeni orodha ya waandishi kabla ya kuandika, si usiku wa kutuma. ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inataka mambo manne kwa pamoja: uwe umechangia kazi yenyewe, umeandika rasimu au kuihakiki kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuijibia. Bosi aliyetoa gari tu la kwenda Temeke kukusanya data anashukuriwa mwishoni, hawi mwandishi. Kumwambia ni shughuli, najua. Mwonyeshe kanuni, usibishane naye.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Ukikataliwa ndipo uende kwingine. Utafiti wa afya unaohusu watu uwe na kibali cha maadili, kama kile cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichopatikana kabla ya kukusanya data. Namba yake iandike ndani ya makala.

Akili mnemba nayo haiwi mwandishi, maana haiwezi kuwajibika. Ukiitumia, sema. Na jarida likikuahidi kuchapisha kesho ukilipa leo, achana nalo.