Jinsi ya kumwomba radhi ndugu mliyenuniana

Kununiana kuna kikomo katika Uislamu. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea kwamba si halali mtu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Siku hizo ni za hasira kupoa, kwa hiyo usiende ukiwa bado unatetemeka.

Kwanza kaa peke yako uandike ulichokosa, kila kosa mstari wake: "Nilichukua laki moja ya mazao ya shamba, sijairudisha." "Nilimwambia wifi kwamba hana haya." Wengi hukwama hapa. Kila Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikielekea ukingoni, simu hujaa ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu mia: nisameheni kwa yote. Hauna ubaya, ila hauondoi deni la mtu. Toba ina masharti matatu: kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikiwa ni haki ya mwanadamu linaongezeka la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake au akusamehe.

Kama ni fedha, zipeleke. Zikipungua, toa ulizonazo na salio liandikwe pamoja na tarehe ya kulipa, mbele ya mashahidi, kama inavyoelekeza aya ya 282 ya Suratul Baqara.

Kusengenya kuna ugumu wake. Kama maneno yamemfikia, kiri. Kama hajayasikia, wanazuoni wengi wanashauri usimweleze, maana utamtia kidonda ambacho hakuwa nacho. Mwombee dua, kisha mtaje kwa wema alio nao kweli mbele ya wale wale uliomsengenya kwao.

Nenda kwa miguu yako, baada ya Alasiri au Isha, watoto wasiwepo. Toa salamu, taja kosa kwa jina lake, kisha nyamaza umsikilize. Neno linalovunja radhi nyingi ni "lakini": nilikosea, lakini na wewe... Hapo umeshaanza kesi mpya. Aliyokukosea yeye yana siku yake.

Akikataa, usimlazimishe. Endelea kumsalimia, na umtume mzee mnayemheshimu nyote wawili. Kwa mke na mume, Suratun Nisaa aya ya 35 inataka mwamuzi mmoja kutoka kila upande. Kumchukua wa upande mmoja tu ni kosa, kwani mwingine atahisi amehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Msuluhishi apeleke maneno mazuri, makali ayazike. Imepokewa kwamba anayepatanisha watu si mwongo.

Lakini panapokuwa na kipigo au vitisho, mtu asirudishwe ndani kwa jina la sulhu. Wanazuoni wameruhusu kujitenga na yule ambaye ukaribu wake unadhuru. Salamu ya mbali inatosha, na mwenye kuumizwa apelekwe kwanza mahali salama.