CFA ngazi ya kwanza ukiwa kazini: wiki 12, saa 16 kwa wiki

Anza na paspoti, kitabu baadaye. Chumba cha mtihani wa CFA (Chartered Financial Analyst, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji) hakikubali kitambulisho cha taifa wala nakala. Wanataka paspoti yenyewe, haijaisha muda, na jina lililomo lifanane na ulilojiandikishia. Ombi huanzia eCitizen na safari ya Nyayo House, ofisi za uhamiaji, hufuata. Usiliache hadi mwezi wa mtihani.

Taasisi ya CFA hushauri saa 300 za kujiandaa. Anayetoka Upper Hill saa 11 jioni na kuingia nyumbani Kasarani saa 2 hana saa hizo. Anachoweza kupata ni saa moja na nusu kila alfajiri siku za kazi, tano Jumamosi, tatu na nusu Jumapili: jumla 16, mara wiki 12, ni 192. Alfajiri, kwa sababu jioni yako huamuliwa na foleni ya Thika Road. Kwenye matatu pitia kadi za fomula tu. Muziki ukianza kutikisa vioo, lala.

Pengo la saa 108 halizibwi kwa kusoma mbio. Lizibe kwa kupunguza kusoma: theluthi moja ya muda kitabuni, theluthi mbili kwenye maswali. Wengi hugeuza hesabu hii, wakaingia chumbani wamepaka kurasa zote rangi ya njano na hawajawahi kujibu maswali 90 mfululizo.

Mada ziko kumi na uzito wake hautoshani. Maadili ni asilimia 15–20. Taarifa za fedha, hisa na bondi ni 11–14 kila moja. Hizo nne pekee ni karibu nusu ya mtihani au zaidi. Tanguliza thamani ya pesa kwa wakati, maana bila hiyo bondi hazisomeki, kisha taarifa za fedha, bondi, hisa. Derivativu (mikataba ambayo thamani yake hutokana na mali nyingine, asilimia 5–8) zipe siku chache, usonge mbele. Maadili yasome wiki ya 2, uyarudie wiki mbili za mwisho, kwa kuwa maswali yake hukamata kwa tofauti ndogo: kikapu cha Krismasi kutoka kwa mteja unaweza kukipokea ukimjulisha mwajiri, kikitoka kwa dalali anayewinda biashara yako, ni hadithi nyingine.

Kikokotoo kinachoruhusiwa ni Texas Instruments BA II Plus au HP 12C. Hapa ndipo alama hupotea kimyakimya. Chukua bondi ya 1,000, kuponi (riba ambayo bondi hulipa) asilimia 6 kwa mwaka, miaka 5, riba ya soko asilimia 8. Kwenye BA II Plus: N (idadi ya vipindi) 5, I/Y (riba) 8, PMT (malipo ya kila kipindi) 60, FV (thamani ya mwisho) 1000, kisha CPT PV (kokotoa thamani ya sasa): upate −920.15. Ukipata −939.31, kimebaki kwenye BGN, yaani kinahesabu malipo mwanzoni mwa kipindi. Ukipata kitu kama −1,261, P/Y (idadi ya malipo kwa mwaka) ni 12 badala ya 1. Majibu ya makosa kama haya ndiyo watunzi hupenda kuyaweka miongoni mwa chaguo matatu, kwa hiyo hutashtuka.

Wiki ya 10 hadi 12 fanya mitihani kamili ya majaribio: vipindi viwili, maswali 90 kila kimoja, dakika 135. Ni sekunde 90 kwa swali. Jibu la makosa halikatwi alama, basi usiache pengo. Katika daftari la makosa andika sababu, si jibu sahihi: sikujua, nilisoma vibaya, au kikokotoo. Makosa ya "nilisoma vibaya" yakizidi, kitabu hakitakusaidia, punguza kasi.

Betri ya kikokotoo ibadilishe wiki moja kabla, si asubuhi ya mtihani, kwa sababu mipangilio hurudi ya kiwandani. Kwenye BA II Plus rudisha AOS (huzidisha kabla ya kujumlisha), kisha piga 2 + 3 × 4. Ikitoka 20 badala ya 14, bado iko kwenye Chn, inayohesabu kwa mfuatano wa kubonyeza.