Cheti cha huduma ya kwanza kwenye CV ya Uingereza: tazama tarehe kabla hujaandika

Nilitua Uingereza na bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vyote, kila kimoja na nakala tatu zilizogongwa mhuri na wakili. Cha huduma ya kwanza nilikiweka juu kabisa, maana ndicho nilichokitolea jasho: siku tano za kufunga bendeji, kukandamiza kifua cha mwanasesere mpaka magoti yakachubuka, na mtihani mbele ya mkufunzi asiyecheka. Kwenye CV nikaandika kwamba mimi ni mtoa huduma ya kwanza mwenye cheti. Basi. Tarehe sikuweka. Nani huweka tarehe? Kwetu cheti ukishakipata ni chako hadi kaburini.

Mstari huo ndio ulionipa kazi, na ndio ulioniondoa.

Ilikuwa ghala moja la mizigo, zamu ya usiku. Msimamizi aliposoma CV alifurahi, kwa sababu zamu yake ilikuwa haina mtu wa huduma ya kwanza. Siku ya tatu nikakuta jina langu limechapwa kwenye karatasi ya kijani juu ya lile sanduku lenye msalaba mweupe. Nikapiga picha, nikaituma nyumbani, shangazi zangu wakanipongeza kana kwamba nimekuwa daktari. Wiki ya pili ofisi ikaomba kukiona cheti. Binti wa pale hata hakuutazama mhuri wa wakili. Alikigeuza nyuma, akakirudisha mbele, akauliza kinaisha lini. Nikamjibu hakiishi. Akatabasamu, akasema asante sana, nimesaidia mno. Nikatoka kifua mbele. Siku mbili baadaye ikaja barua: ajira yangu ya majaribio imesitishwa kwa sababu ya taarifa isiyo sahihi kwenye maombi. Nilipokwenda kuchukua jaketi langu, jina langu kwenye ile karatasi lilikuwa limezibwa na utepe mweupe.

Sasa nisikilize vizuri. Uingereza cheti cha huduma ya kwanza kazini kina uhai wa miaka 3. Miaka hiyo ikipita, kwa mwongozo wa HSE, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, wewe huhesabiki tena kuwa mtoa huduma ya kwanza, hata kama umeokoa watu kumi barabarani. Changu kilikuwa na miaka mitano. Mikono yangu ilikuwa ileile, lakini karatasi ilikuwa imekufa.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Mimi sikuandika mafunzo, niliandika cheo. Ukijiita mtoa huduma ya kwanza kwenye CV, mwajiri anaelewa kwamba anaweza kukuweka kwenye hesabu yake ya watoa huduma ya kwanza usiku wa leo, ile anayotakiwa kuitimiza kwa kanuni za huduma ya kwanza kazini za mwaka 1981. Mtu akianguka na wewe cheti hakipo, anayebanwa ni yeye. Ndiyo maana walinichukulia kama mwongo, si kama msahaulifu. Kama mafunzo yako ni ya zamani au ya nyumbani, andika kwamba ulipata mafunzo, mwaka fulani, kwa saa kadhaa, yaliyotolewa na fulani. Hakuna aibu hapo. Usijiite. Narudia: usijiite.

Kama cheti ni hai, mstari mmoja unatosha: jina la kozi kama lilivyochapwa, aliyetoa, tarehe ya kukipata na tarehe ya kwisha. Majina yasikuchanganye. Kozi ya siku moja, ya saa 6, inaitwa EFAW (Emergency First Aid at Work). Ile ya siku tatu, saa 18, inaitwa FAW (First Aid at Work). Herufi moja tu imepungua, lakini aliyefanya ya siku moja akiandika ya siku tatu amejichimbia shimo kama langu. Anayetaka kazi ya kulea watoto wadogo ana kozi yake, ya watoto, saa 12, na hizo mbili haziwezi kuchukua nafasi yake. Anayetafuta leseni ya ulinzi anatakiwa kuwa na cheti cha huduma ya kwanza kabla ya kuanza kozi ya ulinzi, na kiwe kimebakiza angalau miezi 12. Nimewaona vijana wetu wamerudishwa mlangoni kwa hilo.

Tena jihadharini na vya intaneti. Mtoto wa mjomba alinitumia cheti alichokipata kwa simu akiwa kwenye daladala, kina nembo na utepe wa dhahabu, akaniuliza akiweke wapi kwenye CV. Ndugu yangu, nakupenda, lakini hukugusa hata mwanasesere! Nadharia unaweza kuisoma kwenye kompyuta, ila vitendo vinafanyika ana kwa ana, mkufunzi akikuona unavyokandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na kampuni ikijitangaza kwamba imeidhinishwa na HSE, kimbia. HSE iliacha kuidhinisha watoa mafunzo tangu Oktoba 2013.

Wazungu hawa nimewashangaa sana kwa jambo moja. Kwetu mtu akianguka sokoni watu watamzonga mpaka akose hewa, kila mmoja na dawa yake. Huku watasimama kwa adabu, mita mbili, wakiulizana kama kuna aliyefunzwa. Uoga wa kushtakiwa umewaingia mpaka Uingereza na Wales wakatungiwa sheria mwaka 2015, inayoitaka mahakama izingatie kama mtu alikuwa akitenda kwa manufaa ya jamii. Sijui kama imewasaidia. Naona bado wanaiamini tarehe kwenye karatasi kuliko mkono wa mtu. Lakini nikiwa mkweli, nilipoenda kusoma upya niligundua mambo mawili matatu niliyokuwa nayafanya ovyo, na mkufunzi alinirekebisha kila mara nilipoinama vibaya.

Kusoma upya kwenyewe kuna hesabu. Mwenye FAW akirudi kabla cheti hakijaisha, anafanya siku mbili. Akichelewa, huenda ikawa siku tatu zote tena, na ada yake. Mwenye EFAW anarudia siku yake moja. Kwa hiyo piga picha ya cheti, iweke kwenye simu, na uweke ukumbusho miezi mitatu kabla, kwa sababu nafasi za Jumamosi hujaa mapema. Wangu nimeuweka saa moja asubuhi, uniamshe nikitoka zamu.