Kunasa nguruwe pori wanaomaliza mahindi: mwongozo kwa mashamba yanayopakana na msitu, Moshi na Arusha

Mahindi yakianza kushika maziwa, kuanzia Kibosho na Uru hadi Marangu juu, kilio huwa kimoja: wameingia tena. Nguruwe pori wakipita usiku mmoja wanalaza mistari mizima, na nusu ya walichoangusha hawakili. Wakimaliza mahindi wanahamia kwenye magimbi kando ya mfongo (mfereji wa maji ya shamba), kisha viazi. Upande wa Meru, vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Arusha vinajua machungu haya haya.

Mimi ni skauti wa kijiji, na kazi ya mitego naifanya nikiwa chini ya ofisa wanyamapori. Kama utashika jambo moja tu hapa, shika hili: nasa kundi zima, la sivyo usiangushe lango la zizi la mtego. Ukimnasa mmoja, wenzake wanaobaki nje wanaona na kusikia yote, na zizi lile hawalisogelei tena. Umepunguza mdomo mmoja, umewafundisha wengine wote.

Hatua ya 1: Kibali kwanza

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Hata njia zenyewe zimewekewa masharti: mtego, shimo, kitanzi, uzio wa kunasia, sumu, mbwa na taa za usiku haviruhusiwi bila idhini ya maandishi. Kwa hiyo anza kwa mtendaji wa kijiji. Andika taarifa ya uharibifu, piga picha za shamba, taarifa ifike kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Yeye ndiye atakayekuambia kama kibali cha mtego kinawezekana, au atakuja mwenyewe na askari.

Jua pia mpaka uko wapi. Tangu 2005 msitu wa Kilimanjaro umeingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo ukivuka mpaka umeingia kwa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kule hakuna mjadala. Mtego unakaa shambani kwako, basi.

Kuhusu vitanzi vya waya nasema wazi: usitege, na ukikuta kimetegwa toa taarifa. Kitanzi hakichagui. Katika misitu yetu yupo minde, swala mdogo wa msituni anayepatikana Tanzania peke yake na aliye hatarini kutoweka. Yupo pongo, yupo funo. Wote wanapita njia zile zile za nguruwe, na mnyama aliyenaswa kwa waya anaweza kuteseka siku nyingi kabla hajafa.

Hatua ya 2: Hakikisha mwizi ni nani

Nyani huja mchana, huchuma hindi na kulimenya. Nungunungu hutafuna shina karibu na ardhi, na alama za meno utaziona. Nguruwe pori hulisukuma shina hadi lilale, hutafuna hindi pamoja na maganda yake, na huacha udongo umefukuliwa kama umelimwa na jembe butu. Ngiri ni mnyama mwingine kabisa: anatembea mchana, anakaa nyanda za chini, analala kwenye mashimo na anapiga magoti akila. Mtego wa usiku kwenye mpaka wa msitu si wake.

Baada ya hapo tafuta wanapopenyea. Pita polepole kando ya ua wa masale asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Njia yao ni tundu la chini, upana wa ndoo au zaidi, na mashina ya masale pande zote mbili yamepakwa tope. Inama uangalie tope hilo: utaona manyoya magumu yamenasa, mengine mekundu kahawia, mengine meusi. Urefu wa tope kutoka chini unakuonyesha ukubwa wa mkubwa wao. Kwenye udongo laini tazama kwato: nusu mbili pana zenye ncha butu, na penye matope mengi hata vidole vya nyuma huacha alama. Ukiona na nyayo ndogo ndogo pembeni, kundi lina watoto, na dume la kundi lenye watoto huwa mkali kuliko kawaida.

Hatua ya 3: Jenga zizi la duara

Duara, si mraba. Kwenye kona nguruwe hurundikana, wa juu anapanda mgongo wa wa chini na kuruka. Upana wa mita 6 hadi 8 unatosha kundi la kawaida. Chimbia nguzo za mikaratusi kila baada ya mita moja na nusu, kina cha sentimita 60. Zungusha waya wa mesh uliochomelewa, wenye urefu wa mita 1.5 kwenda juu, na matundu yasizidi sentimita 10 ili watoto wasipenye. Waya ukae upande wa ndani wa nguzo: nguruwe akigonga, nguzo ndiyo ipokee, si misumari. Chini kunja sentimita 30 za waya kuelekea ndani na uzifukie, maana kitu cha kwanza atakachojaribu ni kufukua.

Weka zizi karibu na njia yao, lakini si juu ya njia yenyewe. Umbali wa hatua ishirini au thelathini, chini ya kivuli, panafaa. Nguruwe pori ni mwoga wa kitu kipya kuliko wanyama wengi ninaowajua, na ukimzibia njia atahama.

Hatua ya 4: Chambo, na subira

Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi hufunga lango siku ya tatu kwa uchu, wananasa kinda mmoja, basi.

Chukua ndoo ya lita 20, weka mahindi makavu nusu yake, jaza maji yapite juu, ongeza bakuli mbili za machicha ya mbege (pombe ya ndizi). Funika bila kukaza, kwa sababu ikichacha inatoa gesi. Baada ya siku nne au tano utaona povu na utasikia harufu kali ya uchachu. Harufu hiyo inasafiri mbali, na kwa nguruwe haina mpinzani. Ndizi zilizoiva kupita kiasi zinasaidia.

Usimwage chambo juu ya ardhi. Chimba vishimo vya kina cha kiganja, weka konzi mbili tatu, fukia. Ndege na tumbili hawatahangaika nacho, ila nguruwe atafukua kwa furaha. Usiku wa kwanza weka kwenye njia yao. Wakishakula, sogeza kuelekea zizi, kisha mlangoni, kisha ndani, na mwisho upande wa mbali kabisa na lango. Muda wote huo lango limefungwa juu kwa kamba mbili, haliwezi kuanguka hata mtu akiligonga.

Mtu wa kupeleka chambo awe mmoja, viatu vile vile, saa ile ile ya mchana. Asivute sigara, asiteme mate, asiende na mbwa.

Kamera ya kihisi inayofungwa kwenye mti inasaidia sana hapa. Kama huna, tandaza udongo laini mlangoni na usome nyayo kila asubuhi. Wadogo huwa wepesi kuingia. Wakubwa husimama nje wakinusa usiku hadi usiku. Hesabu kundi. Wakiingia wote usiku mitatu mfululizo, wakala hadi upande wa mbali, sasa ndipo unazungumza habari ya lango.

Hatua ya 5: Lango na kifyatuo

Lango la kudondoka ndilo rahisi kutengenezwa na fundi wa kawaida wa kuchomelea: fremu ya chuma yenye plaiwudi ya milimita 18, upana wa mita 1.2, inateleza ndani ya reli mbili. Pachika komeo linalojifunga lango likifika chini, kwa sababu nguruwe huingiza pua chini ya mlango na kuuinua.

Kifyatuo kinakaa upande wa mbali. Gongomea mambo mbili, yaani vigingi, ardhini, zikiwa zimeinamia upande ulio kinyume na lango. Chukua fimbo ya urefu wa mkono, ilaze nyuma ya mambo hizo, ifunge kwenye kamba inayopita juu ya nguzo hadi kwenye lango lenyewe, lining'inie kwa kamba hiyo. Mvuto wa kamba ndio unaoibana fimbo. Fukia chambo kizuri kuliko vyote chini yake. Nguruwe akifukua na kuinua pua, fimbo inachomoka, kamba inalegea, lango linashuka. Jaribu mara kadhaa mchana. Ikichomoka kwa mguso mdogo, panya atakufungia lango. Ziinamishe mambo zaidi kidogo.

Ukimkuta pongo, nungunungu au mnyama mwingine asiyetajwa kwenye kibali, fungua lango ukiwa nyuma ya lango na umwache aende.

Hatua ya 6: Asubuhi ya mtego

Piga simu kwa ofisa kabla hujasogea. Watoto na mbwa wabaki nyumbani. Dume anaweza kuzidi kilo 80, na meno yake ya chini yanajinoa yenyewe kwa kusagana na ya juu. Anakata paja la mtu kwa mkupuo mmoja. Kazi ya kuua ni ya ofisa au askari mwenye silaha, na inafanywa haraka na kwa utulivu, bila umati kuzunguka zizi. Kelele za watu huwafanya wajigonge kwenye waya hadi waumie, na huo ni ukatili usio na sababu.

Pale mtego usipowezekana, ofisa anaweza kuamua kuvizia kutoka kwenye ulingo. Hapo ujuzi wako wa mlima unahitajika. Kwenye miteremko yetu hewa ya mchana hupanda, na jua likishazama hewa ya baridi hushuka makorongoni kutoka msituni. Kwa hiyo ulingo ujengwe upande wa chini wa njia yao. Wao wakishuka, harufu yenu inakwenda bondeni. Hakikisha kwa kutikisa kitambaa chenye majivu kabla ya kupanda. Faida nyingine ya ulingo ni kwamba risasi inaelekea chini na kuishia udongoni, si kwenye nyumba ya jirani. Mpigaji akumbuke kwamba manyoya ya mgongo husimama na kumfanya mnyama aonekane mrefu. Moyo uko chini, theluthi ya chini ya mwili, nyuma tu ya mguu wa mbele. Aliyejeruhiwa hafuatwi kichakani usiku.

Hatua ya 7: Mzoga

Mnyama huyu ni mali ya Serikali, kwa hiyo ofisa ndiye anayesema mzoga uende wapi. Usigawe nyama kwa uamuzi wako.

Najua kitimoto inavyopendwa Moshi na Arusha, na ndiyo maana nasisitiza lifuatalo. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, hukaa ndani ya nguruwe pori na ngiri bila kuwauguza. Ikiingia kwenye banda lako inaua karibu wote, na haina tiba. Virusi hudumu muda mrefu kwenye damu na nyama mbichi. Usipitishe mzoga karibu na banda, usiwape nguruwe wako mabaki, na aliyeshika mzoga asiingie bandani kabla ya kuoga, kubadili nguo na kusugua viatu kwa dawa ya kuua vijidudu. Matumbo na damu vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua. Nguruwe pori pia wanaweza kubeba minyoo ya misuli inayompata binadamu, kwa hiyo nyama iliyoruhusiwa ipikwe hadi katikati kusiwe na wekundu wowote.

Zizi lisibomolewe. Safisha damu, funga lango juu kwa kamba zake mbili, ondoa chambo chote, na mpe ofisa idadi, jinsia na tarehe ili ajaze taarifa ya kibali. Kundi lingine likihamia msimu ujao, litakuwa limelizoea zizi hilo kama sehemu ya shamba.