Ukiambiwa una PCOS na bado unatamani mtoto

Dada yangu, ukitoka kwenye ekografia, ile picha ya tumbo (ultrasound), na karatasi imeandikwa SOPK, yaani hiyo hiyo PCOS, hali ya homoni kuvurugika hata mayai yasikomae vizuri, usiipeleke moja kwa moja kwa mama mkwe. Vile vidoti vyeusi kwenye picha si uvimbe wa kukatwa; ni vifuko vya mayai ambavyo havijakomaa. Na hakuna aliyekufunga tumbo.

Fungua daftari, andika kila tarehe hedhi inapoanza. Mizunguko ikizidi siku 35, huenda yai halitoki ipasavyo, na daktari ataanzia hapo. Mwombe apime pia sukari, tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa. Bwana naye apimwe mbegu. Wangu alinuna, kisha akaenda.

Dawa inayotangulizwa siku hizi kukomaza yai ni letrozoli, kwa kawaida siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Usiichukue kwa jirani: daktari ahakikishe kwanza kuwa huna mimba. Vitamini ya asidi foliki, mikrogramu 400 kwa siku, anza hata leo.

Chakula je? Bugali sikuacha, mimi Mshi wa Kivu nitaishi vipi? Nilipunguza donge, nikaongeza lengalenga na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na kutoka soko la Kadutu hapa Bukavu narudi kwa miguu, motari wa pikipiki wanapiga honi bure. Kwa aliyezidi uzito, kupunguza hata asilimia 5 kunaweza kurudisha hedhi.

Mashangazi watauliza tu. Mwambie ukweli mmoja wao, yule asiyepeleka maneno. Wengine wajibu "Mungu anajua", uwaongezee chai.